Wanavyuoni wa Pwani na Elimu ya Dini kwa Kiswahili

Katika mwezi wa Ramadhani, baada ya sala ya alasiri, mtu apitaye karibu na msikiti wa Mombasa, au Lamu, au Unguja, husikia sauti mbili zikifuatana. Sauti ya kwanza husoma maneno machache ya Kiarabu. Sauti ya pili, na mara nyingi ni ya mtu yule yule, huyaeleza maneno hayo kwa Kiswahili, polepole, kwa mifano ya shambani, sokoni na chomboni, hata mchukuzi na mvuvi walioketi karibu na mlango wakaelewa. Mkutano huo huitwa darsa, nayo ni desturi ya zamani sana katika pwani yetu.

Watu wengi wa bara, na hata baadhi ya watu wa pwani wenyewe, hudhani ya kuwa fikira za dini ya Kiislamu katika nchi hizi zililetwa kutoka Bara Arabu zikiwa zimekwisha tengenezwa, kama shehena ya tende, na kwamba wenyeji hawakuwa na kazi ila kupokea na kugawa. Sivyo hivyo. Vitabu kweli vilitoka ng'ambo, lakini yule aliyeketi mbele ya watu na kuvieleza alikuwa mtu wa Lamu, au Barawa, au Ngazija, au Mombasa. Yeye ndiye aliyechagua kitabu gani kisomwe, mfano gani utolewe, mila gani iachwe na ipi iruhusiwe. Watu hao ndio waitwao wanavyuoni, na makala haya yataeleza habari za baadhi yao, na hasa jambo moja walilobishana juu yake kwa miaka mingi: je, yale yaliyosemwa kwa Kiswahili msikitini yafaa kuandikwa kwa Kiswahili katika karatasi, ayasome mtu yeyote atakaye?

Kwa msomaji asiye Mwislamu, swali hili laweza kuonekana dogo. Ili alitambue uzito wake, ni lazima ajue kwanza jinsi mtu alivyopata kuwa mwanachuoni.

Elimu ya mkono kwa mkono

Uislamu hauna upadre. Hakuna mtu wa kuwekewa mikono akawa mkuu wa dini. Mwanachuoni hufanywa na elimu yake, na elimu hiyo huthibitishwa na mwalimu wake. Zamani kijana aliyemaliza chuo cha Kurani alikwenda kwa sheikh na kitabu chake mkononi. Alianza na vitabu vidogo, kama Safina, kielezacho udhu, sala, saumu na mambo mengine ya lazima. Akasoma sarufi ya Kiarabu. Kisha akapanda mpaka Minhaji, kitabu kikubwa cha sheria kilichotungwa na Imamu Nawawi wa nchi ya Shamu, aliyefariki mwaka 1277. Kwa maelezo ya Kurani alisoma tafsiri ya Jalaleni. Mwanafunzi alisoma mstari, sheikh akaueleza kwa Kiswahili, na kosa likasahihishwa pale pale. Kitabu kimoja kikubwa kiliweza kuchukua miaka. Alipokwisha, sheikh alimpa ijaza, yaani ruhusa ya kukifundisha kitabu kile, naye sheikh alikuwa na ijaza ya mwalimu wake, na mwalimu wake vile vile, kama pingu za mnyororo, mpaka kumfikia mtungaji mwenyewe.

Ndiyo maana wanavyuoni wa zamani waliona kuwa elimu si kitabu peke yake. Elimu ni kitabu pamoja na mtu. Kitabu bila mtu kilikuwa kama chombo kisicho na nahodha.

Wengi wa Waislamu wa pwani hufuata madhehebu ya Imamu Shafi, aliyefariki Misri mwaka 820, na njia ambayo madhehebu hayo yalisafiri kwayo ilikuwa bahari. Upepo wa kaskazi ulileta majahazi kutoka Bara Arabu mwishoni mwa mwaka, na upepo wa kusi ukayarudisha. Katika majahazi hayo walikuwamo wafanya biashara wa Hadhramauti, na pamoja nao masharifu na masheikh. Walioa Pate, Lamu, Barawa, Ngazija na Unguja. Watoto wao wakakua wakisema Kiswahili au Kingazija kwa mama zao, na kusoma Kiarabu kwa baba zao. Msomaji asiwadhanie kuwa wageni. Vizazi viwili vikipita, palikuwa hapana tofauti kubwa baina ya mgeni na mwenyeji ila jina la ukoo.

Miongoni mwa watoto hao alikuwapo Sayyid Ahmad bin Abubakar bin Sumait, aliyezaliwa Ngazija mwaka 1861. Baba yake alikuwa mtu wa Hadhramauti na mwenye kufanya biashara ya vyombo, na mwana alisafiri baharini katika ujana wake kabla ya kukaa na vitabu. Alikuwa kadhi wa Unguja katika utawala wa Sayyid Barghash, akiwa bado kijana. Baadaye aliondoka Unguja akaenda Istanbul, kisha Misri, Makka na Java, akarudi mwaka 1888, mwaka aliofariki Sultani yule. Akashika tena ukadhi, na kazi hiyo hakuiacha mpaka kufa kwake. Yafaa kukumbuka ya kuwa watawala wa Unguja walikuwa Waibadhi, wala si Washafi. Hata hivyo waliweka makadhi wa madhehebu yote mawili, ili kila mtu ahukumiwe kwa yale aliyoyaamini. Ni nchi chache za siku zile zilizokuwa na busara hiyo.

Sayyid Ahmad aliandikiana barua na Sheikh Muhammad Abduh, Mufti wa Misri, ambaye jina lake lilijulikana katika ulimwengu wote wa Kiislamu kwa fikira zake mpya. Maswali ya sheria yalimfikia kutoka miji mingi ya pwani. Maswali yenyewe hayakuwa ya kinadharia tu. Mtu amekufa ameacha shamba la minazi na wake wawili; mume amesafiri hajulikani aliko; wakfu wa msikiti umeuzwa na msimamizi. Kitabu kilichotungwa Shamu karne ya 13 hakikutaja minazi. Kadhi alipaswa kukitazama kitabu, na kuwatazama watu waliosimama mbele yake, na kuviunganisha viwili hivyo kwa haki. Hapo ndipo palipo fikira ya mwanachuoni wa nchi.

Rafiki yake mkubwa alikuwa Sheikh Abdallah bin Muhammad Bakathir, mzaliwa wa Lamu. Huyu alisoma Lamu, Makka na Hadhramauti, akasafiri mpaka Java, na hata Cape Town alikwenda ili kuyasuluhisha mabishano ya Waislamu wa huko. Mwishowe alikaa Unguja, akafungua madrasa katika mtaa wa Ukutani, ambayo wanafunzi waliijia kutoka kila upande. Sayyid Ahmad na Sheikh Abdallah walifariki katika mwaka mmoja, 1925. Walikuwa wamekwisha jaza pwani yote wanafunzi wao, kutoka Barawa mpaka Ngazija.

Lamu na sauti ya matari

Katika miaka hiyo hiyo mtu mwingine wa Ngazija alikuwa akifanya kazi ya namna nyingine huko Lamu. Huyu ni Sayyid Saleh bin Alawi Jamali Leil, ambaye watu humwita Habib Saleh. Lamu ya siku zile ilikuwa mji wa daraja. Wangwana walikaa katika nyumba za mawe, wakasoma wao na watoto wao. Watumwa, watu waliokuwa watumwa, na wageni maskini walikaa pembeni, wala mtu hakujali sana kama wamesoma au hawakusoma. Habib Saleh alikwenda kukaa upande wa Langoni, akawafundisha hao. Kwa yeye hapakuwa na sababu ya kumfundisha mtoto wa sharifu na kumwacha mtoto wa mjakazi. Alisoma nao maulidi yaliyotungwa na mwalimu mkubwa wa Seiyun, Sayyid Ali Al-Habshi, na katika maulidi hayo yakapigwa matari. Baadhi ya wakubwa wa mji walichukizwa: matari msikitini ni jambo gani? Walakini watu walimfuata, na karibu na mwaka 1900 ukajengwa msikiti wa Riyadha, ambao baadaye chuo chake kiliwavuta wanafunzi kutoka sehemu zote za Afrika ya Mashariki. Maulidi ya Lamu mpaka leo hukusanya wageni wengi kila mwaka.

Habib Saleh hakuacha vitabu vingi. Alichokiacha ni watu. Nami naona ya kuwa si haki kumsahau katika habari za elimu kwa sababu hakuandika, kwani swali la nani afundishwe hutangulia swali la afundishwe kwa maandishi ya namna gani.

Sheikh Al-Amin na karatasi yake

Sasa twafika Mombasa. Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui alizaliwa huko mwaka 1891, katika ukoo ambao zamani uliutawala mji. Baba yake, Sheikh Ali bin Abdallah, alikuwa mwanachuoni mashuhuri, lakini alifariki mtoto akiwa bado mdogo sana, akalelewa na jamaa yake Sheikh Suleiman bin Ali Mazrui, aliyekuwa kadhi. Alipokua alikwenda Unguja akasoma kwa Sayyid Ahmad bin Sumait na Sheikh Abdallah Bakathir. Kwa hiyo mnyororo wake ulikuwa kamili. Hapana aliyeweza kusema kuwa mtu huyu amejisomea mwenyewe tu.

Alikuwa pia msomaji wa magazeti. Kutoka Misri alipata Al-Manar, gazeti la Sheikh Rashid Rida lililoanza mwaka 1898, na ndani yake alisoma fikira za wale waliosema ya kuwa Waislamu wamerudi nyuma kwa sababu wameiacha elimu na kushika mazoea. Alipoitazama Mombasa aliona mambo hayo kwa macho yake. Tangu mwaka 1895 ukanda wa pwani ulikuwa chini ya usimamizi wa Waingereza, ingawa bendera ya Sultani iliendelea kupepea. Reli ilifika ziwani mwaka 1901. Utumwa ulikomeshwa kisheria katika pwani ya Kenya mwaka 1907, na wenye mashamba wengi wakapungukiwa. Kazi za ofisini zilitaka watu waliosoma Kiingereza na hesabu, na shule nyingi zilizofundisha hayo zilikuwa za misheni. Wazazi wengi Waislamu waliogopa kuwapeleka watoto wao huko, wasije wakabadili dini. Basi watoto walikaa bila ya elimu ile, na pengine hata elimu ya chuoni hawakuipata ila ya kukariri.

Mwaka 1930 Sheikh Al-Amin alianza kutoa karatasi aliyoiita Sahifa, maana yake ukurasa. Haikuwa gazeti la fahari. Iliandikwa kwa mkono, kwa Kiswahili cha herufi za Kiarabu, ikatolewa nakala, na kugawiwa watu. Mwaka 1932 ikafuata Al-Islah, yaani matengenezo, lenye Kiswahili na Kiarabu, nalo likaendelea mpaka mwaka uliofuata. Miezi yake haikuwa mingi. Ila mambo yaliyomo yalisemwa na kurudiwa barazani kwa miaka.

Aliandika nini? Aliandika juu ya uvivu na kazi. Aliandika juu ya watu waliotumia mali yote waliyokuwa nayo, na wasiyokuwa nayo, katika arusi na matanga. Aliwakemea wale walioiga mavazi na starehe za Wazungu wakaiacha elimu yao na bidii yao, kama mtu aendaye sokoni akanunua ganda akaacha nazi. Alitaka watoto wasome elimu za kisasa pamoja na dini, na alisema wazi ya kuwa wasichana nao wana haki ya kufundishwa. Aliyapinga pia mazoea mengine ambayo kwa maoni yake hayakuwa na asili katika dini, na hapa ndipo alipogongana na wengi. Maana mtu akiambiwa kuwa ni mvivu hucheka na kukubali, lakini akiambiwa kuwa sala aliyofundishwa na babu yake kaburini pa walii haina msingi, haoni kuwa anaambiwa habari ya sheria. Aona babu yake anatukanwa.

Mabishano ya maulidi, ziara za makaburi na mengine ya namna hiyo hayakumalizika kwa Sheikh Al-Amin, wala hayajamalizika hata leo. Upande mmoja wasema: jambo lolote la ibada ambalo Mtume hakulifanya ni bidaa, liachwe. Upande wa pili wajibu: kumsifu Mtume ni kheri, na maskini wasiojua kusoma wameipenda dini yao kwa njia hiyo. Pande zote mbili zina wanavyuoni wenye ijaza, na wengi wao ukifuata minyororo yao nyuma utaikuta imekutana Unguja, katika madrasa ile ile ya Ukutani au mbele ya kadhi yule yule.

Lakini turudi kwenye karatasi. Jambo jipya katika Sahifa halikuwa lugha. Dini ilikuwa imesemwa kwa Kiswahili miaka mingi. Tenzi za dini ziliandikwa Pate na Lamu katika karne ya 18, Utendi wa Tambuka ukiwa na tarehe ya 1728. Na Kasida ya Hamziya ilifasiriwa kutoka Kiarabu na Sayyid Aidarusi zaidi ya miaka 200 iliyopita. Mwana Kupona wa Pate alimwandikia binti yake utenzi wa mawaidha katika karne ya 19. Basi Kiswahili kilikuwa kimekwisha beba dini katika mashairi na katika darsa. Tofauti ni kwamba utenzi husomwa na kuimbwa mbele ya watu, na darsa lina sheikh wake. Bali karatasi ya Sheikh Al-Amin iliingia nyumbani mwa mtu peke yake. Akaisoma jioni, hana wa kumwuliza wala wa kumsahihisha. Na mke wake aliyesikia akisomewa akatoa maoni yake pia.

Wenye kuhofu hilo hawakuwa wajinga. Walisema: mtu akisoma hukumu moja katika karatasi, bila ya kujua masharti yake, atajihukumia mwenyewe na jirani zake. Walisema tena: watu wakipata dini kwa Kiswahili wataacha kujifunza Kiarabu, na mlango wa vitabu vikubwa utafungwa kwao daima. Sheikh Al-Amin mwenyewe alikipenda Kiarabu na kukifundisha, hakutaka kiachwe. Lakini aliona ya kuwa mwenye njaa huwezi kumwambia asubiri mpaka ajifunze kupika. Watu walio wengi hawatapata kamwe miaka kumi ya kukaa mbele ya Minhaji. Je, waachwe hivyo hivyo?

Kulikuwa na shida ya herufi pia. Kiarabu hakina herufi za p, v, g na ch kama zisemwavyo Kiswahili, na alama zake za irabu ni tatu tu, nazo za Kiswahili ni tano. Msomaji wa Kiswahili cha herufi za Kiarabu alilazimika kukisia, naye hakukisia vibaya kwa kuwa lugha ni yake. Lakini vijana waliotoka shuleni walijua herufi za Kirumi tu. Kwa ajili yao makala ya Sahifa yaliandikwa upya kwa herufi hizo, yakatolewa kuwa kitabu mwaka 1944, kwa jina la Uwongozi.

Sheikh Al-Amin alifanywa kadhi wa Mombasa mwaka 1932, na mwaka 1937 akawa Kadhi Mkuu wa Kenya. Aliandika vitabu vidogo vya kufundishia watoto dini, na kwa Kiarabu akaandika tarehe ya ukoo wake wa Mazrui, ambayo wanahistoria huitegemea mpaka sasa. Alifariki mwaka 1947. Kazi moja kubwa kuliko zote aliiacha haijaisha: tafsiri ya Kurani kwa Kiswahili.

Kazi ya kufasiri Kurani

Kwa itikadi ya Waislamu, Kurani ni Kurani katika Kiarabu tu. Iliyo katika lugha nyingine ni maelezo ya maana yake. Kwa sababu hiyo wanavyuoni wengi walisita. Ajabu ni kwamba wakati wao walipokuwa wakisita, wengine hawakusita. Mwaka 1923 Godfrey Dale, kasisi wa misheni ya UMCA huko Unguja, alitoa tafsiri ya Kurani nzima kwa Kiswahili, na kuitia maelezo ya kupingana na Uislamu. Mwaka 1953 wafuasi wa Ahmadiyya walitoa yao mjini Nairobi, nayo ilieleza aya kadhaa kwa itikadi zao, ambazo Waislamu wa Sunni hawazikubali. Basi Mswahili asiyejua Kiarabu, akitaka kujua Kurani yasema nini, alikuwa na vitabu viwili, na vyote viwili havikuandikwa na wanavyuoni wa madhehebu yake. Hoja ya kwamba tafsiri ni hatari ikapoteza nguvu. Hatari ilikuwa imekwisha ingia nyumbani. Lililobaki ni kuamua kama wataijibu au watanyamaza.

Aliyejibu ni Sheikh Abdallah Saleh Farsy wa Unguja. Alizaliwa mwaka 1912, akasoma kwa masheikh waliokuwa wanafunzi wa Sayyid Ahmad na Sheikh Abdallah Bakathir, akawa mwalimu katika shule za Serikali kwa miaka mingi. Mtu aliyezoea kufundisha watoto hujifunza kusema jambo kwa maneno machache, na sifa hiyo yaonekana katika maandishi yake yote. Alianza kutoa tafsiri yake kwa sehemu ndogo ndogo, na mwaka 1969 kitabu kizima kikatolewa Nairobi, kwa jina la Qurani Takatifu: Kiarabu upande mmoja, Kiswahili upande wa pili, na maelezo chini. Katika maelezo hayo huwajibu waziwazi waliomtangulia, na pengine kwa ukali.

Sisi ambao kazi yetu ya kila siku ni kufasiri twajua taabu yake, hata katika tangazo dogo la mbegu za pamba. Kiarabu hutoa majina mawili ya Mungu katika shina moja la rehema, na kila jina lina maana yake. Kiswahili kina neno moja la rehema, na mfasiri hana budi kulizungushia maneno mengine ili kuyatenganisha. Tena Kiswahili kimekopa maneno mengi kwa Kiarabu, na maneno ya kukopa ni mtego, maana yamekwisha badilika njiani. Fitina kwa Mswahili ni uchongezi. Katika Kiarabu cha Kurani yaweza kuwa mtihani au mateso. Mfasiri akiliacha neno kama lilivyo kwa kuwa linafanana, msomaji ataelewa jambo jingine kabisa, wala hatajua kuwa amekosea.

Sheikh Abdallah alikuwa Kadhi Mkuu wa Unguja tangu mwaka 1960. Baada ya mapinduzi ya 1964 aliendelea kwa muda, kisha mwaka 1967 akahamia Kenya, na mwaka 1968 akawa Kadhi Mkuu huko. Kati ya kazi zake nyingi kuna kitabu kidogo cha mwaka 1972 juu ya wanavyuoni wa Kishafi wa Afrika ya Mashariki, ambamo aliandika nani alisoma kwa nani, alifundisha nini, na tabia yake ilikuwaje nyumbani na njiani. Bila ya kitabu hicho, mengi ya wazee hao yangekuwa yamekwenda nao kaburini. Katika miaka ya 1970 aliandika pia juu ya bidaa, akasimama karibu zaidi na upande wa Sheikh Al-Amin kuliko alivyokuwa katika ujana wake; na baadhi ya waliompenda tangu zamani hawakufurahi.

Na ile tafsiri ya Sheikh Al-Amin? Haikupotea. Mwanafunzi wake na jamaa yake, Sheikh Muhammad Kasim Mazrui, ambaye naye alikuwa Kadhi Mkuu wa Kenya tangu 1963 mpaka 1968, aliyahifadhi maandishi ya mwalimu wake, akayapanga na kuyatengeneza yapigwe chapa. Sehemu ya kwanza, yenye sura ya Al-Fatiha na Al-Bakara, ilitoka Nairobi mwaka 1980, miaka 33 baada ya mwandishi kufariki. Sheikh Muhammad Kasim alikuwa amezaliwa mwaka 1912, sawa na Sheikh Abdallah Saleh Farsy aliyemfuata katika ukadhi, na wote wawili walifariki mwaka 1982, mmoja Kenya, na mwingine Omani.